Kutengeneza echi briji ya mota ya kioo cha gari bila kuunguza mosfeti kila wiki

Wakuu, hii ni kwa yule anayetaka kuendesha mota ya volti 12 mbele na nyuma kwa transista alizounga mwenyewe, mchoro unaoitwa echi briji, yaani daraja la umbo la herufi H. Mota ninayotolea mfano ni ile ya kupandisha kioo cha gari, mimi nimeifunga kwenye mlango wa banda la kuku, alfajiri unafunguka, giza likiingia unajifunga. Mota hizi used ukiwa Dar unazikuta Gerezani, ukiwa Nairobi nenda Grogan, zinakuja na gia yake ndani na zina nguvu ya ajabu kwa ukubwa wake. Ukikutana na ya waipa kwa bei ya kutupa usikimbilie, nyingi hasi yake imeungwa kwenye bodi yake ya chuma, sasa siku unageuza umeme ili izunguke kinyume lile chuma lote linakuwa chanya, likigusa kitu chochote chenye hasi ya betri ni cheche tu. Ya kioo haina shida hiyo kwa sababu kioo lazima kipande na kishuke, kwa hiyo nyaya zake mbili ziko huru.

Na ile swichi ya mlangoni unayobonyeza kupandisha kioo yenyewe ni echi briji tayari, tofauti ni kwamba inaendeshwa na kidole. Usipoibonyeza nyaya zote mbili za mota ziko kwenye hasi, ukibonyeza juu waya mmoja unahamia chanya, ukibonyeza chini unahamia ule mwingine. Sisi tunachofanya ni kutoa kidole tuweke transista nne.

Chora herufi H. Mota ndo ule mstari wa katikati. Mguu wa kushoto una transista mbili, ya juu imeshika chanya, ya chini imeshika hasi, na mguu wa kulia hivyo hivyo. Ukiwasha ya juu kushoto na ya chini kulia mota inaenda upande mmoja, ukiwasha ya juu kulia na ya chini kushoto inarudi. Ukiwasha za chini zote mbili, za juu zikiwa zimezimwa, mota inajifunga breki yenyewe, kwa sababu mota inayozunguka ni jenereta na umeiunga nyaya zake pamoja. Ukiwasha ya juu na ya chini za mguu mmoja kwa pamoja umeunga chanya na hasi ya betri moja kwa moja, hapo hakuna mota tena, ni shoti.

Hicho ndo kitu nataka ukishike kabla hatujagusa waya wowote: daraja haliungui mota ikiwa inazunguka vizuri. Linaungua mota ikikwama, linaungua unapogeuza mwelekeo, na linaungua transista mbili za mguu mmoja zikiwaka kwa pamoja. Watu wengi wanapima ampia mota ikizunguka bure mezani, wanaona 2 au 3, wanaenda kununua transista ya ampia 5 wakijua wamejiwekea akiba, afu siku ya kwanza kuku kaganda katikati ya mlango moshi unatoka.

Kwa hiyo anza na ampia za kukwama. Mota ikiwa imesimama huku ina umeme, kinachozuia umeme ni waya wa koili tu, basi, hesabu yake ni volti gawanya kwa omu za koili. Tatizo omu zenyewe ni ndogo, chini ya 1 mara nyingi, na multimita zetu hizi nyaya zake peke yake zinasoma 0.2 au 0.3 ukizigusanisha. Njia ninayotumia mimi ni taa ya breki ya gari, ile ya wati 21. Unga betri, taa, multimita ikiwa kwenye ampia, na mota, vyote kwa mstari mmoja. Taa itawaka na mota kwa kawaida haitazunguka, ikitaka kuzunguka ishike kwa plaizi. Sasa soma ampia, halafu pima volti kwenye miguu ya mota yenyewe kwa multimita ya pili, kama huna ya pili pima moja baada ya nyingine. Yangu ilisoma volti 1.3 na ampia 1.6, gawanya unapata omu 0.81. Betri ikiwa imejaa ina 12.6, gawanya kwa 0.81 inakuja karibu 15.5. Izungushe shafti kidogo kwa mkono urudie mara tatu nne maana brashi zikikaa sehemu tofauti namba inabadilika, chukua ile inayokupa ampia kubwa zaidi. Na ukimaliza rudisha waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la volti!! Ukiusahau kwenye tundu la ampia 10 ukaenda kupima betri umeipiga betri shoti kwa multimita, mimi nimeshapoteza fyuzi mbili za multimita hivo na ya pili nilikuwa najua kabisa.

Ampia 15 ni ya kukwama. Kugeuza ni zaidi. Mota ikiwa kasi inazalisha volti zake yenyewe zinazopingana na za betri, ndo maana ikizunguka inakula kidogo. Ukigeuza betri ghafla wakati bado inazunguka, zile volti zilizokuwa zinapinga sasa zinasukuma upande mmoja na betri, yaani ni kama umeweka karibu volti 24 kwenye ile omu 0.81, ampia zinakaribia mara mbili ya za kukwama kwa muda mfupi. Kwa hiyo usigeuze ghafla, hiyo tutaimalizia kwenye programu.

Sasa transista gani. Nianze na zile ambazo kila mtu anazo kwenye kopo, TIP41 na TIP42. Zinafanya kazi, kwa mota ndogo ya toi sina ugomvi nazo. Ila hizi zinataka ampia kwenye besi, ule mguu wa kuziamuru: ukitaka zipitishe ampia 3 vizuri unatakiwa uzipe kama moja ya kumi, milliampia 300, na pini ya Arduino (ile bodi ndogo tutakayoiwekea programu ya kuamuru transista) haitakiwi kutoa zaidi ya 20 hivi, 40 ndo mwisho kabisa. Inabidi uweke transista nyingine ya kuiendesha, na bado inakula volti, moja juu moja chini, hizo volti zote zinageuka joto. TIP122 na TIP127 zinataka besi kidogo sana lakini zinakula volti nyingi zaidi, kwa ampia 3 inaweza kufika 2 kila moja. Ile bodi nyekundu ya L298N ni hadithi ile ile, ndani ni transista za namna hii, kwa ampia 1 inakula volti kama 2 hadi 3 na mwisho wake ni ampia 2 kwa kila upande. Kwa mota ya kioo isahau.

Tunaenda mosfeti. Ina miguu mitatu, geti, dreni na sosi (sio ya chipsi). Hii haitaki ampia, inataka volti kati ya geti na sosi, ikizipata inageuka kuwa rezista ndogo sana. Zipo aina mbili: N inawaka geti likiwa na volti juu ya sosi, P inawaka geti likiwa chini ya sosi. Chini tunaweka N, juu tunaweka P. Kwa nini juu P? Kwa sababu N ikiwa juu sosi yake iko kwenye mota, ikiwaka sosi inapanda mpaka karibu na 12, na geti inataka iwe juu ya hapo kwa volti 10 zingine, hizo 22 utazitoa wapi. Kuna aisii (chipu) za kufanya hiyo kazi, IR2104 na IR2110, zinapandisha volti kwa kapasita, nzuri sana ukienda kwenye ampia kubwa, lakini kwa mlango wa kuku P inatosha.

Chini nimeweka IRLZ44N. Angalia hiyo L, ni muhimu. Yenye L inawaka kamili kwa volti 5 za Arduino, ina kama omu 0.025. Ndugu yake IRFZ44N anafanana naye sura na bei ila anataka 10, ukimpa 5 anawaka nusu nusu, mota inazunguka vizuri tu unadhani umemaliza kazi kumbe yeye anachemka. Maduka mengi Kariakoo ukiomba moja wanakupa nyingine "ni sawa tu", sio sawa, soma maandishi mwenyewe.

Juu nimeweka IRF4905, omu 0.02. Wengi wanatumia IRF9540N kwa sababu ipo kila duka, sasa tufanye hesabu kidogo. Joto ni ampia mara ampia mara omu. 9540 ina omu 0.117. Kwa ampia 3 za kawaida ni wati 1 hivi, na kifuko kile bila hitisinki (chuma cha kupozea) kinapanda kama digrii 62 kwa kila wati, ongeza joto la Dar, ukiigusa unatoa kidole mwenyewe. Mota ikikwama kwa 15 ni 15 mara 15 mara 0.117, wati 26, hiyo inakufa kabla hujafika kwenye swichi. 4905 kwa ampia zile zile ni wati 4.5, bila hitisinki haitakaa muda mrefu lakini sekunde chache inavumilia, na sekunde chache ndo tunazohitaji programu izime. Hesabu hii moja ndo inayochagua mosfeti, zile ampia 74 za 4905 zilizoandikwa mwanzo wa datashiti (karatasi ya vipimo ya kiwanda) zisikudanganye, ni za ikiwa kifuko umekishikilia kwenye digrii 25, we utaweza wapi.

Kuunga sasa. Sosi za P zote mbili kwenye chanya. Sosi za N zote mbili kwenye hasi. Dreni ya P kushoto na dreni ya N kushoto zinakutana pamoja na waya mmoja wa mota, kulia vivyo hivyo. Kuna raha moja hapa, bamba la chuma la nyuma ya mosfeti limeungwa na dreni, kwa hiyo P na N za mguu mmoja unaweza kuzifunga kwenye hitisinki moja bila karatasi ya maika wala nini. Ila hitisinki ya kushoto na ya kulia zisigusane kabisa, kila moja ni waya wa mota.

Geti la N: rezista ya omu 220 kutoka pini ya Arduino, halafu ya 10k (omu elfu kumi) kutoka geti kwenda hasi. Hiyo 10k usiiruke. Arduino ikiwa inaamka pini zake zinaelea, geti likielea linaokota umeme hata wa mkono wako, mosfeti inawaka yenyewe.

Geti la P: weka 1k kutoka geti kwenda chanya, hii inaizima. Kuiwasha unatumia transista ndogo BC547 (miguu yake ni besi, kolekta na emita), emita kwenye hasi, kolekta kwenye geti kupitia rezista ya 100, besi inaenda pini ya Arduino kupitia 4.7k, na 10k besi kwenda hasi kwa sababu ile ile ya kuelea. Arduino ikitoa 5, BC547 inavuta geti chini, P inawaka. Kwenye ile 1k zinapita milliampia 12 tu hivi, BC547 inabeba 100, haina wasiwasi. Weka pia zena (dayodi inayozuia volti zisizidi kiwango chake) ya volti 15 kati ya geti na sosi ya kila P, mstari wa zena uwe upande wa chanya, maana geti linavumilia volti 20 tu na waya wa mota una vituko. Betri ikichajiwa na sola inafika 14.4, ndo maana 15 na sio 12. Na kama betri yako ni ya 24 mchoro huu usiutumie hivi hivi, 24 ni zaidi ya zile 20 ambazo geti la P linavumilia.

Wapo wanaochora P na N geti zimeungwa pamoja kwenye waya mmoja, eti ukiwa juu N inawaka ukiwa chini P inawaka, inaonekana safi sana kwenye karatasi. Mimi yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Waya ule ukiwa unasafiri kutoka 0 kwenda 12 lazima upite 6, na kwenye 6 zote mbili zimewaka, P inaona 6 na N inaona 6. Kila ukigeuza ni shoti fupi, na nilikuwa naiendesha kwa rezista ya 10k kwa hiyo wala haikuwa fupi. Ilizunguka kama dakika mbili, nikaita watu waje waone, walipofika walikuta P imepasuka katikati na chumba kinanuka.

Kwa hiyo geti nne, pini nne. Na kwa vile programu tunaandika sisi na sisi tunakosea, ongeza mlinzi: BC547 nyingine kila mguu, besi yake kupitia 4.7k inatoka kwenye pini ya N ya mguu huo, kolekta yake kwenye besi ya ile BC547 ya P ya mguu huo huo, emita hasi. Maana yake ukiamuru N iwake, mlinzi anaikaba besi ya P, hata ukikosea kuandika P haiwaki. Transista mbili za bei ya pipi. Hazizuii zile maikrosekunde ambazo P inachelewa kuzima, hizo zinashughulikiwa na kusubiri.

Kasi unaitoa kwa PWM, kuwasha na kuzima haraka haraka. PWM iende kwenye N ya chini tu, P ya juu ikae imewaka muda wote wa safari. Sababu ni ile 1k, inachukua muda kumwaga geti la P, ukiipigisha PWM itatumia muda mwingi ikiwa nusu imewaka nusu imezima na hapo ndo joto linapozaliwa. N inasukumwa na Arduino moja kwa moja, inawahi. Ile 490 Hz ya kawaida ya Arduino inatosha, mota italia kama mbu lakini itafanya kazi, kuku wangu walizoea siku ya pili.

N ikizima ghafla umeme wa mota haukubali kusimama, koili inausukuma uendelee, na unatafuta njia. Kwenye mosfeti kuna dayodi (njia ya umeme ya upande mmoja tu) ndani tayari, umeme unapanda kupitia ile ya P ya mguu wa pili na kurudi juu. Kwa hiyo mosfeti hazikudai dayodi za nje kwa kazi hii, ila ukitumia TIP41 lazima uweke nne, TIP41 haina hiyo dayodi. Usiweke 1N4007 ukiwa na PWM ya kasi, ni nzito kuzima na ni ya ampia 1, tafuta 1N5822. Zile dayodi za ndani zina ubaya wake pia: ukigeuza nyaya za betri kwa bahati mbaya zinapitisha zote, ni shoti. Fyuzi ndo itakuokoa, weka ya gari ya ampia 10 karibu na betri.

Kapasita 1000 maikro ya volti 35 iwe karibu kabisa na mosfeti, sio kule kwenye betri, na nano 100 kwenye miguu ya mota yenyewe. Bredibodi, ile ya kuchomeka bila kulehemu, usiitumie kwa njia ya mota, vile vibanio vinachoka kwenye ampia moja hivi. Kwenye veroboadi lehemu waya mnene wa shaba juu ya njia zote za mota. Hasi ya Arduino iwe na waya wake peke yake mpaka kwenye kapasita kubwa, ukiiungia njiani kwenye waya wa mota, mota ikianza Arduino inajiwasha upya, utalaumu programu siku tatu.

Kuwasha mara ya kwanza: toa fyuzi, weka ile taa ya wati 21 mahali pake. Hujaamuru kitu, taa iwe imezima. Ikiwaka kuna shoti, na hakuna kilichoungua kwa sababu taa imebeba yote. Amuru upande mmoja, taa itawaka na mota itajikongoja au itasimama tu, amuru upande wa pili, halafu breki, ambapo taa inatakiwa izime. Jaribu na kumkosea mlinzi makusudi, washa P na N za mguu mmoja kwenye programu uone taa inabaki imezima. Haya yote yakipita ndo urudishe fyuzi.

Programu haina mambo mengi. Kila ukibadilisha mwelekeo zima zote nne, subiri milisekunde 10, washa N zote mbili ili ifunge breki, subiri milisekunde 200, zima zote tena, subiri 10, washa P unayoitaka, halafu anza PWM kutoka chini ipande taratibu kwa nusu sekunde hivi. Usianze na 255 (PWM kamili) moja kwa moja, mota iliyosimama na mota iliyokwama kwa mosfeti ni kitu kimoja. Weka swichi ndogo juu na chini ya mlango zisomwe na Arduino, na juu ya hapo weka saa: mlango wangu unachukua sekunde 4, ikifika 6 swichi haijaguswa programu inazima kila kitu na kuwasha taa nyekundu. Hiyo taa imeshawaka mara mbili mpaka sasa, mara ya kwanza jogoo alikuwa amekaa kizingitini, ya pili ni waya wa swichi waliokuwa wameudonoa.